Kidude Nilichomtegea Mama Chebet

Leo nimejiaibisha kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wanawake kumi na watatu na mzee mmoja mwenye laptop. Nimejifungia jikoni naandika hii na uso bado una moto. Kuna aibu ambayo mtu husukumiwa na wengine. Hii yangu niliipanga, nikaiitia mkutano, na nikaipikia chai.

Ngoja niwape kisa chote mimi mwenyewe kabla hamjakisikia sokoni kikiwa kimeongezwa chumvi.

Chama chetu cha wanawake hapa Bahati kilinunua mashine ya kuangua vifaranga. Inkubeta. Ni kabati la bati lenye mlango wa kioo na trei tatu, na linakaa kwangu, chumba cha nyuma, kwa sababu kwangu stima haipotei sana. Chumba kinafungwa na ufunguo ninao mimi. (Shikeni hapo kwa ufunguo.) Mayai yanakaa humo siku ishirini na moja kwa joto la digrii thelathini na saba na nusu, na ni lazima yageuzwe asubuhi, mchana na jioni. Kwa hivyo tukagawana zamu. Nyambura alichukua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mama Chebet, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akachukua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mimi nikabaki na Jumapili, kwa kuwa tayari nilikuwa nimejitolea chumba. (Watu walinipigia makofi siku hiyo. Nayakumbuka yale makofi.)

Mzunguko wa kwanza tuliweka mayai mia moja na ishirini, tukapata vifaranga thelathini. Mzunguko wa pili tukaweka mengine kama hayo, tukapata kumi na tisa. Yaliyobaki yote viza. Kama hujawahi kupasukiwa na yai viza ukiwa umevaa nguo ya kanisa, shukuru Mungu.

Hasara ya namna hiyo lazima itafutiwe mwenyewe, na mimi nilimpata haraka sana. Mama Chebet ana simu ambayo haimtoki sikioni. Nikasema, huyu anafungua mlango wa inkubeta, anapigiwa na dada yake wa Molo, anasimama hapo akicheka huku baridi yote ya Bahati inaingilia mayai. Sikusema kwa sauti. Nilimwambia kila mwanachama peke yake, kwa upole, kama mtu anayeomba maombi.

Yeye alikuwa akijitetea. "Mimi nikifika asubuhi nakuta hii mashine iko na shida," alisema mara mbili mbele yetu wote. "Kioo imejaa jasho. Joto iko karibu arobaini. Na bado sijaguza kitu."

Nani angemsikiliza, na mimi nilikuwa nimeshapita kila boma? Wengine hata wakaongeza yao. Wakasema labda ana mkono mbaya, ule mkono ukipanda sukuma wiki inakauka. Alipolisikia hilo hakugombana na mtu. Alianza tu kuja kwa zamu na leso nyeupe, akawa anageuza mayai kwa leso, ili mkono wake usiyaguse. Nilimwona. Nikajiambia, ona huyo, dhamiri inamsuta.

Basi tulipoweka mayai ya mzunguko wa tatu nikaja na wazo langu la kisomi. Nilishuka Nakuru mjini kwa duka la mzee mmoja tunayemwita Bwana Pal, anayeuza vitu vya mashamba na vyombo vya kupimia. Nikamwambia nataka kitu kitakachoniambia nani anaharibu mayai.

"Mtu siwezi kukuambia," alisema. "Lakini saa naweza." Akatoa kidude cheupe kidogo kuliko kiberiti cha sanduku, kina taa moja ya kijani inayokonyeza. "Hii ni data logger. Ndani iko na kitu ya kusikia joto na ingine ya kusikia unyevu. Kila dakika tano inasikia, inaandika, inalala. Inaamka tena, inasikia, inaandika."

"Lakini mashine yetu iko na kipimajoto," nikasema.

"Mama, hiyo inakuambia ya sasa tu. Haikumbuki ya asubuhi. Hii inakumbuka yote, na saa, na tarehe. Iko na betri yake, stima ikipotea haijali." Akaniambia maua ya Naivasha hupanda ndege yakiwa na vidude kama hivyo ndani ya katoni, ili dereva akizima baridi njiani ijulikane. Chanjo za watoto hivyo hivyo. Na maziwa. "Hii haisemi na mtu. Inaandika tu. Wewe usiiguse mpaka siku ya kuchomeka kwa kompyuta."

Nilirudi Bahati nikiimba. Tulipanga mayai Jumatano, trei ya juu na ya katikati, na mimi mwenyewe nikaweka kile kidude, loga yangu, ndani, trei ya chini ambayo ilikuwa tupu. Mama Chebet aliiangalia ile taa ya kijani.

"Hiyo ni ya nini?" akauliza.

"Ni ya usalama tu," nikamjibu. (Mungu aliniona.)

Tukakubaliana isomwe leo Jumamosi, siku ya kumi, ili tusingojee mpaka mayai yote yaharibike. Na tukakubaliana kwamba, ikionyesha uzembe, mwenye zamu atolewe kwa mashine na kwa chama. Hilo la chama nililiongeza mimi.

Sasa ingieni sebuleni kwangu leo saa nne asubuhi. Wanachama wamejaa mpaka kwa mikono ya viti. Chai iko. Mandazi yako, karai nzima, maana mimi kwa mandazi ya hamira sina mpinzani kuanzia hapa hadi Milimani, na hiyo si majivuno. Watu huniuliza kila mara unga wangu unaumuka vipi na hii baridi yetu. Huwa natabasamu tu.

Mwenyekiti amekuja na mumewe, Mzee Barasa. Huyu alifanya kazi Olkaria miaka mingi, kwenye visima vya mvuke, na ndiye pekee tunayemjua anayeweza kusoma loga. Ni mtu wa maneno machache na shati lenye kalamu mbili mfukoni. Nilimpeleka chumba cha nyuma akaitoa mwenyewe ndani ya inkubeta. Akaigeuzageuza.

"Hii nyeupe imekauka hapa ni nini?"

"Vumbi," nikasema.

Akaikwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha. Tukarudi sebuleni.

Alichomeka kidude kwa laptop, akaweka laptop juu ya kabati la televisheni ili wote waone. Ikatokea mistari miwili. "Mwekundu ni joto," alisema. "Wa bluu ni unyevu. Kutoka huku ni Jumatano mliyoweka mayai, huku mwisho ni leo. Huko Olkaria tulikuwa tunateremsha loga ndani ya kisima cha moto, inaenda mpaka chini kabisa ambako hakuna mtu amewahi fika, inarudi na habari. Kwa hivyo hii ya kuku haiwezi kunishinda."

Mstari mwekundu ulikuwa umetulia, umetulia, halafu ghafla unaanguka shimoni, unapanda kupita kiasi, unatulia tena. Mzee Barasa akahesabu mashimo kwa kalamu. "Alhamisi. Jumamosi. Jumanne. Alhamisi. Na leo Jumamosi."

Kila mtu anajua hizo ni zamu za nani. Na Jumapili, siku yangu, mstari umenyooka kama umepigwa rula!

Nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nilisimama, nikajifuta mafuta ya mandazi mkononi, nikaanza hotuba.

"Wanachama," nikasema, "mimi sina ubaya na mtu. Mnanijua. Lakini tumeambiwa mara nyingi mashine iko na shida, mashine iko na shida. Leo mashine imejisemea. Mtu akipewa kazi ya umma na moyo wake uko kwa simu, sisi sote tunaumia."

Kuna mahali nilisema hata "maadili". Sijui lilitoka wapi.

Mama Chebet alitoa ile leso nyeupe kwa mkoba, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza karibu na birika. "Kama ni mimi, nitoeni," alisema. "Nimechoka kuangaliwa."

Niwaambie ukweli? Nilisikia utamu. Nilisikia utamu kwa roho, na nikachukua andazi.

"Ngoja kwanza, mama," akasema Mzee Barasa. "Keti. Sijamaliza kusoma."

Nikaketi. Akabonyeza kitu na ule mstari wa leo ukakua mpaka ukajaa kioo kizima. Akaweka miwani vizuri.

"Shimo la leo linaanza saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi. La Alhamisi, kumi na moja na robo. La Jumanne, kumi na moja na dakika ishirini na tano." Akageuka. "Mama Chebet, wewe hufika saa ngapi?"

"Saa moja, baada ya kukama," akasema. "Ata Mama Njeri anajua. Ndiye hunifungulia."

Mama Njeri ndiye mimi.

"Na saa kumi na moja na dakika ishirini," akasema Mzee Barasa pole pole, "ufunguo huwa na nani?"

Hapo ndipo andazi lilinikwama. Nililisikia likishuka kifuani inchi kwa inchi. Wanawake kumi na watatu wakageuza shingo. Wa kumi na nne nilikuwa mimi, na sikuwa na pa kugeukia.

"Hiyo ni stima," nikasema. "Asubuhi stima hupotea."

"Hapana. Stima ikipotea mstari unashuka pole pole, maana kabati limefungwa. Huu umeanguka mara moja. Mlango ulifunguliwa."

"Panya."

"Panya wa kufungua mlango wa kioo?"

Mtu alicheka nyuma yangu. Nafikiri ni Nyambura, na tutaongea.

Mzee Barasa sasa alikuwa amesahau kwamba tuko. Alisogeza uso kwa laptop vile daktari anavyosogelea picha ya kifua. "Huyu mtu alifungua, akaweka kitu ndani, akafunga. Kitu chenyewe kilikuwa baridi, maana joto limeanguka mpaka thelathini na mbili. Kilikuwa kizito, maana joto limechelewa kurudi. Kilikuwa na maji mengi, maana ona wa bluu unavyopanda. Kikakaa saa moja na dakika kumi. Halafu akakitoa, na baada ya hapo joto likapanda mpaka arobaini."

"Kitu gani hicho?" akauliza mwenyekiti.

"Sijui. Kitu baridi, kizito, cha majimaji, ambacho mtu anataka kipate joto." Akanyoosha mkono kwa sahani bila kuangalia, akachukua andazi, akalipeleka mdomoni. Likasimama njiani.

Akaliangalia andazi. Akaiangalia loga. Akaangalia ukucha wake.

"Mama Njeri," alisema, kwa heshima kabisa, "hizi mandazi unapikanga siku gani?"

Nina oda ya kibanda cha chai pale stage ya matatu, na wote hununua pale. Walijibu kwa pamoja, kama watoto wa shule wakimjibu mwalimu: "Jumanne, Alhamisi na Jumamosi!"

Hapo mtu mwenye akili angelia, au angezimia. Mimi nilijitetea. Nilisimama tena, na maneno niliyoyasema ni haya, na yataandikwa juu ya kaburi langu:

"Lakini hiyo trei ya chini ilikuwa tupu!"

Jamani. Mama mmoja alianguka kutoka kwa mkono wa kiti. Mwenyekiti, mama wa heshima ambaye sijawahi kuona meno yake ya nyuma, leo nimeyahesabu. Kuna aliyetoka nje kabisa akashika mti wa parachichi. Nilibaki nimesimama na hotuba yangu ya maadili.

Mnataka kuelewa, na mimi niliendelea kueleza ingawa hakuna aliyeniuliza. Bahati alfajiri ni baridi. Unga wa hamira unakataa kuumuka. Na hapo chumba cha nyuma kuna kabati lenye joto safi, linanguruma taratibu, na rafu nzima haina mtu. Ningefanya nini? Niliweka sufuria mara ya kwanza kujaribu tu. Ule unga ulipanda mpaka ukainua kifuniko. Tangu siku hiyo sikuangalia nyuma.

"Sasa sufuria yako ilikaa karibu na kile kichwa kinachopima joto la mashine," Mzee Barasa akanieleza, akijitahidi asicheke. "Mashine ikasikia baridi, ikafikiri kabati lote ni baridi, ikachoma kwa nguvu. Unga wako ulipata joto lake vizuri. Mayai ya trei ya juu yakaiva."

"Lakini loga ilikuwa hapo hapo chini," akasema mwenyekiti akijipangusa machozi. "Si ulikuwa unaiona?"

"Nilikuwa naiona."

"Na ukaweka sufuria?"

"Niliisukuma kando kidogo nipate nafasi." (Kwa kidole chenye unga. Ndio lile vumbi.)

"Mama Njeri, si ulijua inaandika?"

Nikaangalia chini. "Nilijua. Lakini nilidhani inamwandika Mama Chebet."

Msinicheke kwanza. Ni kweli. Kwa akili yangu kidude kile kilikuwa cha Mama Chebet. Nilikinunua kwa ajili yake, nilikiweka kwa ajili yake, na kila alfajiri nilipokisukuma kando sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba hakijui hivyo. Nyani haoni kundule. Huyu nyani alikuwa ameweka hata kamera, na bado hakuona.

Mama Chebet ndiye peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa anaangalia kiganja chake cha kulia, amekifungua juu ya paja.

"Kwa hivyo si mkono wangu," alisema.

Hakumwambia mtu. Alijiambia tu, lakini sebule yote ilisikia, na kicheko kikaisha. Nilikumbuka ile leso. Nilikumbuka nilivyosimama mlangoni nikimwangalia akigeuza mayai nayo, moja moja, na mimi nikiwaza mabaya huku sufuria yangu iko jikoni inameta kwa mafuta. Niliona haya ambayo haina mchezo. Nikavuka pale katikati, nikapita laptop, nikapiga magoti mbele yake, na magoti yangu yenyewe mnayajua yalivyo.

"Mama Chebet, nisamehe. Ni mimi. Na maneno yote uliyosikia, yalitoka kwangu. Yote. Mkono wako hauna shida."

Akanyoosha ule mkono wake wa kulia, bila leso, akachukua andazi kwa sahani. Akaling'ata. Akatafuna vizuri, macho juu, sisi sote tukingoja.

"Ni laini kweli," alisema. "Zimekula karibu mayai mia mbili. Lazima ziwe laini."

Basi, hapo hakukuwa na mkutano tena. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka, ikabidi aliyeniweka chini aniinue, naye pia akicheka, tukawa tunavutana pale sakafuni huku birika linatikisika. Mzee Barasa alifunga laptop akasema huko Olkaria hakuna kisima kiliwahi kumpa matokeo kama haya.

Kabla ya watu kutoka, mzee alimulika mayai kwa tochi. Ya trei ya juu mengi hayana uhai. Lakini ya katikati, ambayo moto haukuyafikia sana, karibu yote yanacheza. Ukiangalia kwa mwanga unaona kitu kidogo kikipiga teke. Wanawake wakapanga mstari kuangalia, kila mmoja na "ala!" yake. Kwa hivyo chama bado kina tumaini, na tumaini lenyewe halikuletwa na mimi.

Hukumu ilitolewa kwa dakika mbili. Ufunguo wa chumba cha nyuma, wa nyumba yangu, sasa uko shingoni mwa Mama Chebet, kwa kamba. Zamu zake tatu nazifanya mimi mpaka mwisho wa mzunguko, na yeye anakuja kunisimamia, na chai ni juu yangu. Loga imerudishwa ndani, imepanguswa unga. Nilipouliza oda ya kibanda itaumukia wapi, mwenyekiti aliniambia nilale na sufuria kitandani kama nyanya zetu walivyofanya.

Jioni hii amenitumia ujumbe, Mama Chebet. "Jumanne nafika saa kumi na moja na dakika ishirini. Usiniletee sufuria." Na picha ya kifaranga.

Najua mnataka kucheka. Naomba mvumilie siku kumi na moja tu, yale ya katikati yaanguliwe kwanza. Baada ya hapo chekeni hata mlie, na njooni na sahani zenu wenyewe, ingawa niwaonye mapema kwamba mandazi ya safari hii yatakuwa magumu.